Yatima Si Mali ya Kituo

Kila inapokaribia Krismasi au Pasaka, vikundi vya waumini katika miji ya Tanzania na Kenya hupanga safari ya kwenda kituo cha watoto yatima. Mchango umekusanywa kwa wiki kadhaa, mweka hazina ameshapiga hesabu, na siku yenyewe gari linashusha magunia ya mchele, ndoo za mafuta ya kupikia, katoni za sabuni, madaftari na, mwaka ukiwa mzuri, mbuzi wawili. Watoto wamepangwa mstari wanaimba. Mwenyekiti wa kikundi anakabidhi, mlezi wa kituo anapokea, picha zinapigwa, sala inafunga shughuli, na kufikia saa kumi jioni wageni wamesharudi makwao. Hakuna dhambi katika hilo. Watoto wale watakula. Kinachostahili kuulizwa ni kwa nini imani yenye maneno mengi na mazito kiasi kile juu ya yatima imezoea kuishia getini. Hoja ya makala haya ni kwamba imani ya Kikristo ina nguvu ya kweli ya kumfanya mtu amfungulie mlango mtoto asiye wake, lakini nguvu hiyo huzaa heri pale tu inapofuata maandiko yake yenyewe mpaka mwisho: kuishikilia kaya ya mtoto isivunjike na, ikiwa imeshavunjika kabisa, kumfanya mtoto awe mrithi katika nyumba nyingine. Ikikwama katikati, ikajenga bweni na kuliita nyumbani, inaweza hata kuzalisha yatima ambao hawakuwapo.

Tuanze na maandiko, kwa kuwa ndiko waumini wenyewe wanakoanzia. Torati haikuagiza kituo. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinamwambia mwenye shamba kwamba akisahau mganda asirudi kuuchukua, akishapiga mzeituni wake asiupige mara ya pili, na akishavuna zabibu asirudie vichala vilivyobaki. Vyote ni vya mgeni, yatima na mjane. Ukiitazama sheria hiyo inavyofanya kazi, utaona kwamba chakula kinabaki shambani, mama anatoka na mwanawe, wanaokota, wanarudi kwao. Hakuna anayemchukua mtoto. Zaka ya mwaka wa tatu katika sura ya 14 inakwenda kwa watu haohao, na inawekwa palepale mjini pao. Waraka wa Yakobo, katika aya inayonukuliwa kuliko nyingine zote kuhusu jambo hili, sura ya 1 aya ya 27, unawataja yatima na wajane kwa pumzi moja, kwa sababu yatima wa Biblia kwa kawaida alikuwa mtoto aliyefiwa na baba na kubaki na mama mwenye dhiki. Mahubiri mengi husoma aya hiyo na kumwacha mjane njiani.

Nguzo ya pili ni Paulo. Katika Warumi sura ya 8 na Wagalatia sura ya 4 anawaambia waumini kwamba Mungu amewafanya wana, na neno linalofuata kila mara ni urithi. Wasomaji wake waliifahamu desturi ya Kirumi ya kuasili, ambayo haikuwa kazi ya kuokoa vichanga. Kaisari Augusto alimwasili Tiberio mwaka wa 4 baada ya Kristo, Tiberio akiwa mtu mzima aliyevuka miaka 40 na jemadari mwenye sifa. Hakuokolewa kutoka kwenye njaa, alipewa jina na kiti. Kwa hiyo Mkristo anayesema anaasili kwa sababu Mungu alimwasili yeye amesema jambo kubwa kuliko anavyodhani pengine. Hajasema atamlisha mtoto. Amesema mtoto huyo atagawana shamba na nyumba sawa na waliotoka tumboni mwa mkewe.

Je, imani hiyo huwasukuma watu kweli, au ni maneno ya mimbarini? Historia inajibu upande mmoja. Ukristo ulikua ndani ya himaya ambamo baba alikuwa na haki ya kumkataa mtoto aliyezaliwa, na vichanga viliachwa jalalani au kando ya njia. Waliookotwa wengi waliishia utumwani. Didake, mwongozo mfupi wa Wakristo wa mwanzo kabisa, unakataza kuua kichanga. Katika zama zetu, utafiti wa taasisi ya Barna ya Marekani wa mwaka 2013 ulikuta kwamba asilimia 5 ya Wakristo wanaoishika dini yao nchini humo wamewahi kuasili mtoto, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha watu wazima wote. Ni takwimu ya nchi moja tajiri, na wasioamini lolote nao huasili na kulea vizuri. Lakini ukitaka kuona imani inavyofanya kazi mahali ambapo hakuna faida yoyote ya kidunia, tazama karibu zaidi, Ruyigi, mashariki mwa Burundi, si mbali na mpaka wa Tanzania.

Marguerite Barankitse, anayejulikana kwa jina la Maggy, alizaliwa huko mwaka 1956. Ni Mtutsi, Mkatoliki, na alikuwa mwalimu. Hata kabla ya vita alikuwa ameshachukua watoto saba na kuwafanya wake, Wahutu kwa Watutsi, katika nchi ambayo kabila la mtoto lilikuwa swali la kwanza. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuiongoza Burundi, aliuawa, na nchi ikalipuka. Siku tatu baadaye kundi la Watutsi wenye silaha lilivamia makao ya askofu wa Ruyigi, ambako Maggy alikuwa amewaficha Wahutu. Alivuliwa nguo, akafungwa kwenye kiti, akalazimishwa kutazama watu 72 wakiuawa. Wauaji walikuwa watu wa kabila lake. Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachohusu makala haya: aliwanunua watoto. Alitoa fedha alizoweza kuzipata, akajadiliana na wenye mapanga, akatoka na watoto 25 wa watu waliokuwa wamelala chini wamekufa. Swali la kama ataweza kuwalea halikuwa na nafasi siku hiyo. Watoto waliendelea kuletwa, na mwaka 1994 ikazaliwa Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani, katika majengo ya shule aliyopewa na askofu.

Kisa hicho hupendwa kusimuliwa kwa ajili ya ushujaa wake, na ni haki. Kinachosahaulika ni kilichofuata, ambacho hakina damu na hakipigiwi makofi. Fedha za wafadhili zilipoanza kuja, Barankitse angeweza kujenga bweni kubwa kuliko yote katika Maziwa Makuu, na wafadhili wangefurahi, kwani bweni hupigwa picha vizuri. Badala yake Maison Shalom ilitafuta jamaa waliobaki hai, na kwa wasiokuwa na mtu ikajenga nyumba ndogo ambamo watoto waliishi kama ndugu wa nyumba moja, wakubwa wakiwaangalia wadogo, kila nyumba na jiko lake. Zikafuata karakana, mashamba, sinema, na mwaka 2008 hospitali ya REMA. Mtu anaweza kuuliza sinema na hospitali vinaingiaje katika malezi ya yatima. Vinaingia hivi: mama asiyekufa akijifungua haachi yatima, na kijana mwenye kazi na mahali pa kwenda jioni haendi msituni kushika bunduki. Watoto waliopita mikononi mwa shirika hilo walivuka 10,000. Mwaka 2015 alipinga Rais Pierre Nkurunziza kuendelea na muhula wa tatu, akalazimika kukimbia nchi, na sasa anafanya kazi na wakimbizi nchini Rwanda. Mwaka uliofuata alipokea Tuzo ya Aurora huko Armenia. Yeye mwenyewe haelezi kazi hii kwa lugha ya maendeleo. Anaieleza kwa lugha ya ubatizo, kwamba mtoto wa Mhutu na wa Mtutsi ni ndugu kwa sababu Baba yao ni mmoja. Unaweza kuikubali imani hiyo au kuikataa, lakini huwezi kusema haikufanya kitu.

Imani hiyohiyo, ikikosa subira na ikikosa taarifa, imefanya makosa makubwa. Mwanzoni mwa karne hii makanisa ya kiinjili ya Marekani yaliamka juu ya yatima wa dunia. Mwaka 2009 Southern Baptist Convention, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, lilipitisha azimio la kuwahimiza waumini kuasili, na mwaka huohuo Russell Moore, mwanateolojia aliyeasili wavulana wawili kutoka Urusi, akatoa kitabu Adopted for Life kilichosomwa sana. Mimbarini kulirudiwa hesabu moja: yatima zaidi ya milioni 140 wanasubiri. Hesabu hiyo ilitoka Umoja wa Mataifa na haikuwa ya uongo, ila haikumaanisha walichodhani. UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa mwaka 2015, kati ya watoto karibu milioni 140, waliokuwa wamefiwa na wazazi wote walikuwa milioni 15 na ushee, na wengi wa hao walikuwa wanaishi na bibi, shangazi au kaka mkubwa. Waliobaki walikuwa na mama au baba hai. Muumini wa Texas aliyesikia milioni 140 aliona vitanda milioni 140 vya vituo, naye akatafuta tiketi ya ndege.

Matokeo yake yalionekana upesi Afrika Mashariki. Mwaka 2010 peke yake zaidi ya watoto 2,500 walitoka Ethiopia kwenda Marekani kuasiliwa. Kila mtoto aliambatana na ada za makumi ya maelfu ya dola, na panapopita fedha kiasi hicho hatakosekana mtu wa kutafuta watoto. Mwandishi Kathryn Joyce, katika kitabu chake The Child Catchers cha mwaka 2013, alieleza wazazi walioamini kwamba mtoto anakwenda kusoma na atarudi, kama ambavyo mtoto wa Kiafrika aliyepelekwa kwa mjomba mjini hurudi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya watoto kuondoka mwaka 2013, Kenya ikasitisha kuasiliwa kwa watoto na wageni mwaka 2014, na Ethiopia ikafunga mlango kabisa mwaka 2018. Uganda ilibana sheria yake mwaka 2016. Miaka minne baadaye Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda kwa kuhusika na mtandao wa rushwa katika uasili. Kisa cha Haiti ndicho kilichoanika kila kitu. Siku 17 baada ya tetemeko la Januari 2010, Wamarekani 10, wengi wao waumini wa makanisa ya Kibaptisti ya Idaho, walikamatwa karibu na mpaka wa Jamhuri ya Dominika wakiwa na watoto 33 bila karatasi. Walisema wanawaokoa yatima. Ilipochunguzwa, watoto wale hawakuwa yatima. Wazazi wao walikuwa hai na walikuwa wamewatoa kwa sababu waliahidiwa shule na chakula. Sidhani watu wale walikuwa wezi. Walikuwa watu wema walioamini kwamba wito unatosha na kwamba kuuliza maswali ni kukosa imani.

Huo ndio upande wa kuasili nje ya nchi. Upande wa kituo ni wa kimyakimya zaidi, na ndio unaotuhusu sisi. Watetezi wa vituo humtaja George Müller, mhubiri aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na ambaye kwa kusali bila kumwomba mtu senti alilea watoto zaidi ya 10,000 kabla ya kufa mwaka 1898. Majengo yake makubwa matano huko Ashley Down yaliweza kuchukua watoto zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Müller anastahili heshima yake. Katika Uingereza ya wakati ule mbadala wa kituo chake ulikuwa nyumba za maskini za serikali au barabara. Lakini wanaomtaja huishia mwaka 1898. Shirika lake lenyewe, likiwa na imani ileile, liliona baada ya Vita Kuu ya Pili kwamba mtoto anahitaji nyumba ndogo na uso mmoja wa kumzoea, likaanza kuwahamisha watoto, na mwaka 1958 majengo ya Ashley Down yakauzwa. Sayansi ilikuja kuunga mkono. Mradi wa utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 uliwafuatilia watoto 136 wa vituo, nusu wakipelekwa kwa bahati nasibu katika familia za malezi ya kambo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotoka kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili. Na kwa anayefikiri kwamba kituo angalau ni nafuu, Benki ya Dunia ilipiga hesabu mkoani Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza vijiji, ikakuta kwamba kumtunza mtoto mmoja kituoni kwa mwaka kuligharimu karibu mara sita ya kumsaidia ndani ya familia.

Kuna pingamizi moja hapa ambalo wapinzani wa vituo hulikwepa, nami sioni sababu ya kulikwepa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, wakiongozwa na Kathryn Whetten, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa miaka 6 hadi 12 waliofiwa au kutelekezwa katika nchi tano, zikiwamo Kenya, huko Bungoma, na Tanzania, mkoani Kilimanjaro. Walikuta kwamba waliokuwa vituoni hawakuwa na hali mbaya kiafya, kihisia wala kiakili kuliko waliokuwa wakilelewa na jamaa; katika baadhi ya vipimo walikuwa na hali bora. Hayo ni matokeo mazito, na anayesema fungeni vituo vyote kesho ayajibu kwanza. Jibu langu ni kwamba utafiti huo haukuhusu vichanga, ambao ndio wanaoumizwa zaidi na kubadilishiwa walezi kila zamu. Zaidi ya hapo, ulilinganisha kituo chenye mfadhili na kaya isiyo na kitu. Bibi anayelea wajukuu watano kwa kuuza ndizi akishindana na shirika lenye bajeti, si ajabu akishindwa kwenye mizani na kwenye madaftari. Swali la haki ni nini kingetokea kama sehemu ya bajeti ile ingepelekwa kwa bibi. Kenya ilianza kulijibu mwaka 2004 kwa mpango wa kuzipa ruzuku ya fedha kaya zinazolea yatima, ulioanza na familia 500 tu na kukua kuwa wa taifa. Bado watakuwapo watoto ambao nyumbani kwa jamaa ni hatari kuliko popote, na kwao kituo kizuri cha muda ni kinga. Cha muda, lakini.

Pingamizi la pili hutoka upande mwingine kabisa: Mwafrika hahitaji kufundishwa na kanisa kulea yatima, ukoo ulikuwapo kabla ya mmisionari. Ni kweli, na bila ukoo janga la UKIMWI lingejaza barabara zetu watoto. Lakini ukoo nao uchunguzwe kama tulivyowachunguza Wamarekani. Turudi Kagera. Watafiti waliwafuatilia watoto wa mkoa huo kuanzia mwaka 1991 hadi 2004, wakiwa wameshakuwa watu wazima. Waliofiwa na mama kabla ya kufikisha miaka 15, ambao wengi walibaki mikononi mwa ukoo, waliishia kuwa wafupi kwa sentimita 2 hivi na kuwa na mwaka mmoja pungufu wa shule kuliko ambavyo wangekuwa, na pengo hilo halikuzibika tena. Mwaka 2004 Anne Case na wenzake walichambua takwimu za nchi 10 za Afrika wakakuta kwamba yatima ana nafasi ndogo ya kuwa shuleni kuliko watoto wa damu anaoishi nao chini ya paa moja, na kadiri undugu wake na mkuu wa kaya unavyokuwa wa mbali ndivyo nafasi hiyo inavyopungua. Waswahili husema yatima hadeki. Waliosema hivyo hawakuhitaji jedwali. Ni nani asiyejua nyumba ambayo mtoto wa marehemu ndiye anayeamka kuchota maji, wenzake wakivaa sare? Ni nani asiyejua ba'mdogo aliyempokea mtoto pamoja na shamba la kahawa la baba yake, kisha mtoto akakua na shamba halikurudi?

Hapa ndipo fundisho la Paulo lina kitu cha kuuambia ukoo, na kukiambia kwa ukali. Damu huchagua, urithi wa kuasili umekusudiwa kuzuia damu isichague. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeliweka hilo kwa lugha ya mahakama: amri ya kuasili inapotolewa na Mahakama Kuu, mtoto anakuwa kama amezaliwa na waliomwasili, pamoja na haki ya kuwarithi. Wakristo wengi wanaolea mtoto wa ndugu kwa miaka 10 au 15 hawajawahi kufika mahakamani, kwa kuona kwamba karatasi ni mambo ya Wazungu. Mlezi akifa, ukoo unakaa kikao, na mtoto aliyemwita marehemu mama tangu akinyonya anaambiwa yeye ni mgeni. Mchungaji anayehubiri kwamba sisi sote ni wana wa kuasiliwa angefanya vyema kumwalika wakili ibada ikiisha.

Upande wa kuishikilia kaya, mifano ya makanisa ipo na haisifiwi inavyostahili. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Bukoba, kupitia mradi wake wa HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto, iliwasaidia yatima wakiwa kwao kijijini badala ya kuwakusanya mahali pamoja. Kitui nchini Kenya, padri Mjesuiti Angelo D'Agostino, aliyekuwa ameanzisha kituo cha Nyumbani jijini Nairobi mwaka 1992 kwa ajili ya watoto wenye VVU, aliona karibu na mwisho wa maisha yake kwamba janga limewaacha watu wa aina mbili wakiwa peke yao: watoto waliofiwa na wazazi, na wazee waliofiwa na watoto. Kijiji cha Nyumbani, chenye ekari 1,000, kiliwaunganisha. Bibi mmoja anakaa nyumba moja na watoto wapatao 10, baadhi wakiwa wajukuu wake wa damu na wengine si wake, wanapika chungu kimoja na kulima shamba la nyumba yao. Kuna ubishi kama hicho ni kijiji au ni kituo kilichovaa nguo za kijiji, na ubishi huo ni halali, kwa kuwa ardhi si ya bibi. Hata hivyo mzee aliyekuwa akingoja kufa anaitwa bibi na watoto 10 kila asubuhi, na hilo hakuna bajeti ya kituo inayolinunua. Rwanda nayo ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2012 ilikuwa na watoto zaidi ya 3,300 katika vituo 33, vingi vikiendeshwa na watu wa dini, serikali ikaamua kuvifunga hatua kwa hatua na kuwahamishia watoto katika familia, ikitegemea walezi wa kujitolea wanaoitwa Malayika Murinzi, malaika walinzi. Baadhi ya watu wa vituo walilalamika. Familia zilijitokeza.

Liko neno moja la kusemwa na Waislamu, na lina haki. Je, malezi haya si chambo cha kubatiza? Historia ya pwani yetu haiwezi kulikana swali hilo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, watoto wake wa kwanza walikuwa wale waliokombolewa katika biashara ya utumwa. Walilishwa, walifundishwa useremala na kusoma, walilima mashamba ya misheni, kisha wakaozeshwa wao kwa wao na baadhi yao wakapelekwa bara kuanzisha misheni mpya, kama Mhonda mwaka 1877. Waliokolewa kweli, pia walitumiwa kama mbegu ya kanisa. Aliyemwokoa mtoto hapati kwa hilo haki ya kumpangia kila kitu. Uislamu, ambao Mtume wake mwenyewe alikuwa yatima, una njia yake ya kafala, inayomlea mtoto bila kumbadilisha nasaba, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua njia hiyo. Kanisa linaloletewa mtoto wa Kiislamu na lina njia ya kumpata shangazi yake, lakini likaona ni heri abaki kwao ili asikie Injili, limevunja sheria ya masazo ya shambani, ambayo ilimtaja mgeni kabla ya yatima na haikumtaka abadili chochote ndipo aokote.

Yote haya yanashusha kazi kutoka safari za mara moja kwa mwaka hadi mambo madogo na ya kuchosha: jumuiya ndogo ndogo kujua ni kaya gani katika mtaa wao inalea watoto wa marehemu, kulipa bima ya afya ya bibi, kusimama na mtoto kwenye kikao cha mirathi, kumuuliza mlezi wa kituo ni wangapi kati ya watoto wake wana mama aliye hai na angehitaji nini ili wamrudie. Kwa wale wanaojisikia kuitwa kupokea mtoto kabisa, wawe na watoto wao au wasiwe nao, milango ya kuanzia haiko mbali. Maombi ya malezi ya kambo na ya kuasili nchini Tanzania huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Atatembelea nyumba, atauliza maswali mengi, na mengine yatakera. Nenda umuulize. Kuuliza hakumfungi mtu, na huko ndiko utakakojua kama mtoto uliyemfikiria anahitaji wazazi wapya, au anahitaji mama yake asaidiwe kodi ya chumba.